Nta ya Baba Kichwani kwa Sudi

Enzi zetu pale Chemchem, Tabora, nani alimnunulia mtoto mafuta ya nywele? Mama alikubana katikati ya magoti, akakupaka mafuta yaliyobaki jikoni, akakupa michembe ya viazi vitamu na karanga utafune unyamaze. Sabuni tulipanga foleni duka la ushirika tangu alfajiri, na siku nyingine tukarudi na kiberiti tu. Watoto wa leo wana vichupa kumi bafuni na bado wanalalamika nywele hazikui!

Katika hali hiyo kaka yangu Sudi, kijana wa miaka kumi na minane, akamwona abiria mwenye dredi pale stesheni. Akarudi nyumbani hali chakula. Alizitaka nywele zile kuliko kitu chochote. Baba, fundi viatu, alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Siku ya Idi nitazikagua. Zikiwa safi, baki nazo. Zikiwa chafu, wembe." Ilibaki miezi miwili.

Mwenye akili nyingi nikawa mimi. Kila siku nilimwona Baba akipitisha uzi kwenye donge la nta ya warina asali wa Urambo, maana uzi mkavu huoza upesi na mshono hulegea. Nikamwambia Sudi, "Ikiwa inashika kiatu, nywele zitaishinda?" Tukamega kipande, tukakiyeyusha kwenye kopo, nikamsokota msokoto mmoja mmoja. Wallahi alipendeza! Kwa wiki moja.

Halafu vumbi likanasa. Zikanasa sufi za mto, wakaja na sisimizi. Maji yaliteleza juu ya nta, na kipande chetu cha sabuni kikaisha bila nywele kutakata. Sudi akaanza kuzifunika kwa kitambaa kila Baba akipita.

Asubuhi ya Idi Baba akamvika kofia yake mwenyewe, nyeupe, ya kushonwa kwa mkono. Nadhani alimwonea huruma. Tukiwa bado uwanjani kwenye sala jua likapanda, nta ikalainika, na tuliporudi nyumbani kofia ikagoma kutoka. Mama alicheka mpaka akashika mlango. Sudi alilia, na ndevu zake zote zile.

Baba alipotoa wembe nilishindwa kuvumilia. "Baba, nta niliimega mimi."

"Najua," akasema. "Donge langu silijui?" Akamnyoa taratibu chini ya kofia mpaka ikabanduka pamoja na nywele, bila kumkata hata mahali pamoja, kisha akampangusa kichwa. "Anza tena. Kwa maji na subira. Nywele si kiatu."

Tulianza tena. Kila Ijumaa nilimsokota kwa maji matupu, na ulipita mwaka na zaidi kabla hazijajifunga zenyewe.

Siku hizi mtu anaingia saluni na kipara anatoka na dredi za kiunoni. Juzi mjukuu wa Sudi kaniletea kikopo cha nta, ananiuliza, "Bibi, nianze na hii?" Nikamwambia akamwombe babu yake amwoneshe ile kofia.

Alama ya nta haikutoka hata kwa mafuta ya taa. Baba aliivaa hivyohivyo kila Idi mpaka tulipomzika, na kofia mpya tulizomnunulia alizigawa. Sasa iko kwa Sudi. Dredi zake zimeota mvi, zinafika kiunoni, kofia haiwezi kumwingia. Kila Idi anaishika mkononi, kwenda na kurudi.