Kigari Kilichokuwa na Kiu

Naikumbuka siku niliyokosea, mwanangu, kwa sababu ilikuwa siku ya furaha. Nilikokota nyumbani kigari cha umeme, kile cha aina ya kubebea wachezaji wa gofu, cheupe, kikuukuu, chenye viti viwili mbele na ubao nyuma. Badala ya kukitia umeme, nikachukua daftari na kuanza kukiuliza jina lake. Kosa ni hilo. Sina jingine kubwa la kukusimulia, na hilo moja limenitosha.

Nakuita mwanangu ingawa ndevu zangu bado hazijakubaliana kuota zote pamoja. Shangazi yangu anasema mtu aliyekosea, kisha akakaripiwa vizuri, ana ruhusa ya kusema "mwanangu" mara moja moja. Basi nivumilie.

Shangazi ndiye mwenye habari hii. Godelieve, dada ya baba, alinilea katika mtaa wa Bwiza, nyumba ya vyumba viwili. Mwaka aliofiwa na mumewe ndio mwaka mguu wake wa kushoto ulipokataa kazi, na tangu hapo dunia yake ikawa kiti cha mbao karibu na dirisha. Mwaka huohuo mafuta yaliadimika mjini. Magari yalishinda kwenye foleni, na teksi ukiipata, dereva anakuonyesha mshale wa mafuta ulivyolala chini. Binamu zangu walitaka kumbeba kwa ngobyi, ile machela ya mabegani ya kubebea wagonjwa. Aliwafukuza kwa fimbo.

"Mu ngobyi nitaingia siku nitakufa," alisema. "Kwa kilio ya mume wangu nitafika nimekaa, kama mutu."

Kwetu hapa msiba haufungwi siku ya mazishi. Mwaka unapokaribia kutimia ukoo hukutana, maneno husemwa, kinywaji hunywewa, na mjane huambiwa mbele ya wote kwamba sasa aendelee kuishi. Ndiyo siku ya kumaliza kilio. Yetu ilikwisha kupangwa, Jumamosi, katika ukumbi wa parokia upande wa Nyakabiga. Asipofika, wengine wangemaliza, na yeye angebaki ndani ya kilio peke yake. Hilo ndilo alilokuwa akiliogopa, wala hakulisema ila mara moja.

Kigari nilikipata kwenye ghala moja la Zone Industrielle, kule kwenye viwanda. Mwenyewe alikuwa akizungukia nacho bohari zake mpaka kikamchosha. Kilivuka ziwa kutoka Kigoma katikati ya mifuko ya saruji, alisema, na kabla ya hapo hajui kilikuwa wapi.

"Ni cha mwaka gani?" nilimuuliza.

"Cha mwaka ule uliopita kupita," akajibu, akacheka sana.

Alisema kinatumia volti arobaini na nane. Mlinzi wake akatikisa kichwa: apana, ni ishirini na nne. Chaja ilikwisha kupotea. Hapo, mwanangu, hofu ikanikaa. Mimi hutengeneza simu kwenye kibanda changu huko Rohero, na kazi hiyo nilijifundisha mwenyewe, kwa kuharibu. Mtu aliyejifundisha mwenyewe ana taabu moja ambayo watu hawaijui: hana wa kumwambia "inatosha". Kila usiku akilala anamsubiri mwalimu ambaye hayupo aje kumsahihisha. Nilijua umeme ukizidi nitakiunguza. Nikaona heri nijue kwanza ni cha kiwanda gani, cha mwaka gani, cha toleo gani, ndipo nikiguse.

Kibati cha namba chini ya usukani kilikuwa kimesuguliwa na miaka. Niliweka karatasi juu yake nikaisugua kwa penseli, zikatokea tarakimu nne na kivuli cha ya tano. Nilipima umbali kati ya taa. Nilihesabu misumari ya bodi. Nilipiga picha, nikawatumia watu nisiowajua wa nchi nisizozijua, na kila mmoja akanipa mwaka wake. Daftari likajaa. Watoto wa mtaa wetu nao hawakuwa na shida hiyo. Walikiangalia mara moja, cheupe, kimeviringika pembe zote, wakakiita Sabuni.

Nikitoka kazini nilikuwa nikikaa ndani yake, pale uani, mikono kwenye usukani. Upepo wa ziwa ulifika umechoka, ukizungusha nguo kwenye kamba. Nikifumba macho uani kote kunateleza: ukuta unarudi nyuma, mtaa unafunguka, Shangazi yuko kando yangu, na hatutoi sauti yoyote, kama watu wanaopita ndani ya maji. Katika ndoto hiyo kigari hakikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Nilikipenda sana kile cha ndotoni. Hiki cha uani nilikuwa nakichungulia tu.

Kila Jumapili Shangazi aliuliza kutoka dirishani, "Hii Jumapili?"

"Bado, Shangazi. Sijajua bado ni cha mwaka gani."

"We mutoto, mi nataka kukipanda. Sitaki kukioa."

Ngoja ngoja huumiza matumbo, na mimi nilimngojesha Jumapili kumi na moja. Misa kumi na moja alizisikia kwa redio. Hizo sikuweza kumrudishia, na ninaziandika hapa ili uone kwamba kosa la mwoga nalo lina mtu wa kulilipa.

Zilipobaki siku tisa kabla ya kumaliza kilio, yeye mwenyewe alimwita Mzee Anselme. Mimi nisingemwita, naona haya kumwonyesha mtu kazi isiyokamilika. Mzee Anselme ni jirani yetu, mtu wa Uvira, aliyetunza betri za boti za mizigo pale bandarini mpaka mgongo ukamstaafisha. Alikuja na kandambili na tochi. Nikamfungulia daftari langu. Hakulitazama. Aliinua kiti cha kigari, na chini yake zikaonekana betri, sita, zimejipanga na vumbi lao.

"Hesabu vifuniko juu ya batri moja," aliniambia.

"Vitatu, papa."

"Kila tundu ni volti mbili. Batri moja ni ngapi?"

"Sita."

"Na batri ziko ngapi?"

"Sita."

"Sita mara sita?"

"Thelathini na sita, papa."

"Haya. Si arobaini na nane, si ishirini na nne. Imekuwa imeandikwa hapa siku zote, na haiitaji daftari." Akafungua kifuniko kimoja, akaingiza mwanga wa tochi. Akafungua cha pili. "Hizi ziko na kiu. Ulizinywesha lini?"

"Bado, papa. Nilikuwa natafuta..."

"Ulikuwa unatafuta nini?"

"Mwaka wake. Na kiwanda."

Alizima tochi. Sauti yake haikupanda, na ningependa ingepanda. "Mugeni akifika kwako na jua, midomo imekauka, unamwomba kitambulisho kwanza ao unamupa maji?"

Nikalifunga daftari.

"Kuuliza si ujinga, mwana. Lakini hapa kwetu tumekwisha kuuliza watu sana ‘we ni nani, we umetoka wapi’, na hatukuwapa maji. Wewe usianze tena na gari."

Betri ya namna hiyo, mwanangu, ukiiacha tupu bila chaji inakufa kimyakimya, na maji yakishuka chini ya mabamba ya risasi yaliyo ndani yake inakufa haraka zaidi. Mimi niliogopa kukiunguza, basi nikakiacha kife. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nilikuwa nimeshinda majuma kumi na moja nikichagua jembe, na msimu ulikuwa unapita.

Tulinunua maji ya betri. Tulijaza kila tundu mpaka mabamba yakafunikwa tu, tukachaji kwa chaja yake ya bandarini, betri mbili mbili zikiunganishwa, polepole, na umeme ukikatika tunakaa tunangoja. Jozi ya kwanza iliamka. Ya pili ikaamka nusu. Ya tatu haikuamka. Mzee Anselme alikwenda kwake, akarudi na betri moja kubwa ya boti, ya volti kumi na mbili, akaitia mahali pa zile mbili zilizokufa. Hesabu ikarudi thelathini na sita.

"Papa, hazilingani," nilisema. "Hii ni kubwa, zile zimechoka. Si kazi safi."

"Na wewe na shangazi yako munalingana? Si munakaa nyumba moja?"

Kutoka dirishani Shangazi akapiga kelele, "Na mi ndio ile kubwa!"

Jumamosi ile asubuhi niliamka nikitaka kufungua nyaya zote na kuzipanga upya. Nakiri. Bisibisi ilikuwa mkononi. Mzee Anselme aliichukua, akaitia mfukoni mwake, akamsaidia Shangazi kupanda. Shangazi alikuwa amevaa imvutano yake nyeupe, ile shuka ya heshima ya wanawake wa kwetu, imekunjwa begani, na fimbo ameilaza magotini kama mtu anayesafiri mbali.

Nikakanyaga. Kigari kikaondoka.

Nilichokuwa nimekiota hakikuwa uongo wote. Kimya kilikuwepo. Tulipita Bwiza taratibu, magurudumu yakinong'ona kwenye vumbi, na kwa kuwa hakuna injini, mtaa mzima ulituingia masikioni: sufuria, kikohozi, kwaya ikifanya mazoezi nyuma ya ukuta, mtu akiita jina la Shangazi kutoka mlangoni. Aliwaitikia wote. Mwaka mzima hakuwa ameziona njia hizi, akawa anazitazama kama mtu anayesomewa barua. Kila mara nilitazama mita ya betri. "Weka macho mbele," aliniambia, "hiyo saa haitakimbia."

Tulipita kando ya foleni ya mafuta. Dereva mmoja, amelalia bodi ya gari lake, akatupigia kelele: "Eh, mama! Hiyo inakunywa nini?"

"Maji!" Shangazi akajibu, na foleni nzima ikacheka.

Kilima cha Nyakabiga kilitupunguza mwendo, tena sana. Mshale wa mita ukaanza kulala. Watu wa ukoo waliokuwa wakipanda kwa miguu walitufikia. Ungetegemea watupite. Hawakutupita. Mmoja alishika nguzo ya paa akatembea nasi, akaja wa pili, wakaja wengine na watoto wao, na kwa vile kigari kilikwenda kama mtu asiye na haraka, kila mtu aliweza kwenda nacho. "Buhoro buhoro ni rwo rugendo," shemeji mkubwa wa Shangazi akasema kwa Kirundi, polepole ndiyo safari. Shangazi alifika mlangoni mwa ukumbi amekaa, amezungukwa, na waliokuwa ndani wakasimama.

Alisema maneno machache. Alimshukuru mumewe kwa jina. Akaambiwa aendelee kuishi, akasema, "Nimesikia." Kisha akaomba Fanta baridi.

Baada ya hapo ndipo nilipokiboresha kigari, kidogo kidogo, kikiwa kinatembea. Nilinunua betri sita za aina moja. Nikaweka magurudumu makubwa kwa ajili ya mashimo, chuma cha kushikia kwa wazee, na taa. Siku hizi Jumapili kinachukua kina mama watatu wa mtaa wetu wasioweza kutembea. Mwaka wake sikuupata.

Basi nisikie, mwanangu, wewe unayeogopa kama nilivyoogopa. Kitu kikuukuu kikikufikia, kitazame mwili wake kabla ya karatasi zake. Mwili hausuguliki haraka kama kibati. Kinachokufa kwa kungoja, kihudumie leo kwa ulichonacho, hata kama hakilingani. Hofu ya kuharibu ni nzuri kwa kipimo, kama chumvi. Ukiona imekufanya ukae na kutazama tu huku mtu anakungoja dirishani, hiyo si uangalifu tena. Tafuta mzee, mwonyeshe kazi yako ikiwa chafu hivyohivyo, na akikukaripia mshukuru.

Mungu akupe mikono inayothubutu na mtu wa kukunyang'anya bisibisi kwa wakati wake. Unaowapenda wafike wanakokwenda wakiwa wamekaa, na njia ikutane nao kwa salamu.

Mimi zamani kazi zangu zilikuwa hazimaliziki. Siku hizi mtu akiniuliza kama iko tayari, namwambia inatembea, nanawa mikono, nakwenda kula.