Siku Tuliyohamia Mars

Sisi tuliokulia mtaa wa Makindye kabla ya simu za mkononi tulikwenda Mars kwa miguu, tena mchana kweupe, tukiwa tumebeba kuku.

Mwalimu wetu wa sayansi ndiye aliyetuchokoza. Alisema huenda siku moja watu wakaishi kwenye sayari hiyo, ingawa haina hewa ya kuvuta na baridi yake haina mfano. Darasa zima lilicheka isipokuwa rafiki yangu Zaitun. Baba yake alikuwa amepata kazi Bombo, mji mwingine, na Jumamosi wangehama.

"Tuhamie Mars kwanza," aliniambia tulipotoka shule. "Huko hawatanipata."

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na tangi kuukuu la bati, limelala ubavu. Tukaamua kujaribu kuishi humo wiki moja. Tuliingiza blanketi, dumu la maji, kabalagala kumi za moto zinazonukia ndizi mbivu, na kuku mmoja wa mama yake, wa mayai. Mdogo wangu Akinyi tulimchukua kwa sababu alitishia kutusemea.

Tukaziba mdomo wa tangi kwa gunia. Baridi ya mwalimu hatukuiona. Jua lilipiga bati tukaiva kama mihogo. Nusu saa haijaisha, kabalagala zimekwisha, kuku amechafua blanketi, na Akinyi anauliza, "Mars choo kiko upande gani?"

Wataalamu tulikuwa tumesahau choo.

Ndipo mama yake Zaitun akagonga bati kwa mwiko. "Banange, nani ameiba kuku yangu?"

"Tumehama, Mama!" Zaitun akajibu kutoka ndani.

"Mumehama wapi?"

"Mars!"

"Na huko nani anawapikia?"

Kuku ndiye aliyetoka wa kwanza.

Nilingoja kipigo, maana siku zile mama wa jirani alikuwa na ruhusa kamili. Lakini Zaitun alimkumbatia kiunoni akilia, "Sitaki Bombo," na yule mama akaketi mavumbini na leso yake safi, akalia naye. Jumamosi walihama.

Siku hizi binti yangu anaijua Mars kuliko mtaa wa Nateete. Ukimtuma sokoni anapotea. Juzi aliniambia watu wataishi huko kweli, na yeye atajiandikisha.

"Utaenda na nani?" nikamuuliza.

Akanitazama kama mshamba. "Peke yangu, Mama. Kwani lazima niende na mtu?"

Sisi tulikosa hewa, tukakosa choo, tukakosa hata akili. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwenda peke yake.