Mtani Wangu na Mungu Mwenye Kichwa cha Bweha

Nilisoma masomo ya jioni pale Kilosa nikiwa na ndevu kumzidi mwalimu. Darasa letu lilikuwa na mbu wa kuweza kubeba dawati, lakini historia niliipenda kuliko wali. Siku mwalimu alipotuchorea ubaoni miungu ya Misri ya kale, mimi na rafiki yangu, muuza maharage wa Magomeni ya pale pale Kilosa, tuliacha hata kusinzia. Kulikuwa na mungu mwenye kichwa cha bweha, mpimaji wa mioyo ya wafu. Moyo upande huu wa mizani, unyoya wa mungu wa kike wa haki upande ule. Moyo ukilemea, dude lenye kichwa cha mamba linaumeza, na mwenyewe anakwisha kabisa, hata kivuli. Rafiki yangu alisema wa kwake utavunja mizani. Tulicheka mpaka tukatolewa nje.

Kabila lake na langu ni watani. Kwa hiyo alipofariki, kazi yangu msibani ilikuwa kumwigiza na kumsema, na hakuna wa kununa. Nikavaa kofia yake, nikatundika mizani yake ya maharage barazani. Unyoya wa kuku huku, jiwe kule, eti ndio moyo. Mizani ikalala. Nikatangaza kwamba mtani wangu kaliwa, na mamba kavimbiwa mwezi mzima. Kicheko kile nadhani kilisikika mpaka Kidete. Mjane tu, pale mkekani, alinitazama bila kupepesa.

Nikarudi Mikumi, ninakoziba pancha za malori. Huku bweha hulia kila jioni upande wa mbugani. Nimewasikia miaka mia, sikuwahi kuwajali. Baada ya msiba ule nikawa nikisikia mlio mmoja tu, natupa spana, nageuka kuangalia nani kasimama nyuma yangu.

Asubuhi moja mjane akashuka kwenye basi mbele ya kibanda changu. Nikamvutia kiti, hakukaa.

"Mtani, ulisema kaliwa," alisema. "Na neno la mtani msibani hakuna mwingine wa kuliondoa. Mume wangu amekufa hajasemezana na mama yake. Niambie kama ni kweli."

Kumwambia ule ulikuwa utani tu kusingemsaidia, maana mizani aliiona ikilala. Ndipo nikakumbuka jambo jingine la mwalimu: Wamisri walimwekea maiti kifuani mdudu wa jiwe, aliyechorwa maneno ya kuusihi moyo usimchongee mwenyewe kwenye mizani. Nikafunga kibanda. Tukapanda basi la Kilosa, na njia nzima sikutania hata kondakta.

Makaburini nilichuchumaa, nikaweka kiganja juu ya udongo.

"Moyo wa mtani wangu," nikasema, "usisimame kumchongea bwana wako. Wewe na yeye mlitoka tumbo moja, la mama yake yule yule. Mnyamazie."

Nikadhani nimemaliza, nikaanza kuinuka, mjane akanishika bega.

"Uambie na wa kwangu," akasema. "Mimi ndiye niliyemkataza kwenda kwa mama yake."

Nikataka kumwambia, shemeji, maneno haya ni ya waliokwisha kufa. Lakini alikuwa ameshapiga magoti kando yangu, mkono kifuani, anangoja.