Balozi Aliyekataa Kusema Nzuri

Mwaka 1974, upande wa Sepuka, Rahabu alikuwa balozi wa nyumba kumi, mjane mpole mwenye mikono isiyotulia. Nyumba zake kumi zilizungukwa na mashamba yaliyotiwa samadi, na uwele ulikuwa umeshatoa masuke, umebakiza wiki tatu tu uvunwe.

Mwezi uliopita Laurenti, afisa kijana kutoka wilayani, alipita na karatasi. Serikali ilikuwa imeuliza jambo la maana kabisa: wananchi wana hali gani, ili ijue iwahamishe lini kwenye kijiji kipya cha barabarani. "Habari za hapa, mama?" aliuliza. Rahabu akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa: "Nzuri." Kwao shida husemwa baadaye, mgeni akishakaa na kunywa maji. Huyu hakukaa. Aliandika "nzuri", akapanda Landrova, shida zikabaki na wenyewe.

Sasa lori lilikuwa limesimama uwanjani, na wanamgambo wameshapanda juu ya tembe la jirani yake, Mughwai, kubomoa paa. Kijiji kipya kilikuwa mwendo wa nusu siku. Uwele ukikosa mlinzi, ndege wangeumaliza, na nyumba zote kumi zingekaa na njaa mwaka mzima. Rahabu alijilaumu mpaka roho ikamuuma. Neno lake moja ndilo lililoleta lori.

"Shikamoo mama," Laurenti alisema.

"Marahaba."

"Habari za hapa?"

"Mbaya."

Mughwai aliinamisha kichwa kwa aibu. Hata wanamgambo waliacha kugonga. Mtu mzima hamjibu mgeni hivyo, tena mbele za watu.

"Mama, mbona karatasi inasema..."

"Ile ilikuwa salamu, mwanangu. Leo ndiyo nakujibu. Kuhama tutahama, hatukatai. Lakini ukituhamisha leo, watoto wetu watakula nini? Andika."

"Nikiandika hivyo, wakubwa watasema umegoma."

"Andika na jina langu."

Kalamu haikushuka upesi. Mwishowe Laurenti aliandika, akawaita wanamgambo washuke. Aliwapa wenye nyumba wiki tatu, wala si siku moja zaidi.

Wiki ya tatu ilikuja barua ya kumvua Rahabu ubalozi. Ilimkuta shambani anakata uwele, akamwomba Mughwai aisome kwa sauti huku yeye anaendelea kukata.