Taa ya Shaweji

Nakumbuka alasiri moja huko Dunda, mtaani kwetu pwani, mwanangu, nilipojiona fundi kuliko mafundi wote, na siku chache baadaye nikatamani ardhi inimeze. Nilikuwa msichana wa rika lako, najifunza ufundi wa redio kwa Mjomba Kombo. Jirani nasi palikuwa na kibanda cha gemu, na gemu iliyopendwa wakati ule ilikuwa ya kuvua samaki. Usicheke. Bahari ipo pale chini, mawimbi unayasikia, na vijana wazima wamejifungia ndani wanavua samaki wa kwenye televisheni.

Bingwa wao alikuwa Shaweji, mtoto wa shangazi yangu. Alikuwa mkwezi, akaanguka kutoka mnazini huko Kerege, akapona vizuri ila vidole vilibaki na ganzi. Vilifanya kazi, lakini havikuhisi kitu. Sasa kwenye gemu ile, samaki akidonoa chambo, padi uliyoishika mkononi inatetemeka, na hapo ndipo unavuta. Shaweji hakuusikia ule mtetemo. Samaki wakawa wanamponyoka, wenzake wanamtania kwamba amezeeka, naye anacheka nao. Ukweli aliniambia mimi peke yangu.

Nikaingiwa na huruma, na huruma ya ujana ina haraka. Nikaiazima padi kwa mwenye kibanda, nikaifungua. Ndani mna kimota kidogo kinacholeta mtetemo. Nikaunga taa ndogo ya LED kwenye nyaya zake mbili, mguu mrefu upande wa chanya, na rezista njiani ya kupunguza umeme ili taa isiungue. Nikatoboa tundu juu kabisa, katikati ya padi. Kimota kikizunguka, taa inawaka, nyekundu, kali, hata aliyekaa mlangoni anaiona.

Shaweji alipokaa kucheza, samaki wa kwanza akadonoa, taa ikawaka, akavuta. Kibanda kikalipuka kwa shangwe. "Hiyo taa ya nini?" mmoja akauliza. Na mimi, kwa jinsi nilivyovimba kichwa, nikajibu kwa sauti: "Vidole vyake havihisi, basi mimi nimemwekea taa."

Kisha kijana mmoja, mwema kabisa, akamwambia Shaweji, "Pole, kaka. Lete basi nikushikie."

Shaweji akaiweka padi chini taratibu, akavaa ndala zake, akaondoka. Zamu yake hakuimaliza. Hakuonekana tena kibandani wiki ile, na mimi nikaanza kusema moyoni kwamba hana shukrani. Nikamlalamikia Mjomba Kombo. Akaacha redio aliyokuwa akiitengeneza.

"Ufundi wako sina neno nao," alisema. "Lakini umemwanika mwenzio. Alikupa siri yake akijua utamsitiri."

"Nilitaka kumsaidia, Mjomba."

"Ulimuuliza anataka asaidiweje?"

Nililia, sikufichi. Kesho yake nikaenda kwao. Nilimwamkia shangazi, akaniitikia marahaba ya baridi, nikajua habari zimeshafika. Shaweji nilimkuta uani, nikamwomba radhi, kisha nikamuuliza lile nililopaswa kuuliza mwanzo: nikufanyie nini?

"Taa naitaka," akasema. "Tangazo ndilo silitaki."

Nikaifungua padi upya. Nikaweka rezista kubwa zaidi ili mwanga ufifie, na taa nikaihamishia ukingo unaoelekea kifuani kwa mchezaji, asiione ila yeye aliyeshika. Lile tundu la juu nikaliziba. Shaweji akarudi Ijumaa ya wiki iliyofuata, baada ya swala. Mimi nilisimama mlangoni, mdomo nimeufunga.

Samaki akadonoa, akavuta. Mwingine, akavuta tena.

"Umejuaje, kaka?" wakamuuliza.

"Mazoea tu."

Wakaanza upya kumtania, safari hii kwamba ameoga dawa, naye akawarudishia maneno makali kuliko yao. Nilifurahi, mwanangu, kuliko siku niliyosifiwa, na pale hapakuwa na mtu ila Shaweji aliyejua kwamba nimefanya chochote.

Basi shika neno langu. Ukitaka kumsaidia mtu, muulize kwanza yeye, wala usikisie kwa kuwa wewe una ujuzi na yeye ana shida. Na ukishamsaidia, nyamaza. Msaada unaomvua mtu heshima yake mbele ya watu humwacha na shida mbili. Utaniuliza, mbona mimi leo nasimulia? Shaweji yuko hai, ana wajukuu, nilikwenda kwake Mapinga kumwomba ruhusa. Safari hii niliuliza kwanza.

Nenda, mwanangu. Mola akupe mikono ya kutengeneza yaliyoharibika, na akusitiri kila unapowasitiri wenzio.