Kidole cha Mamake Kadzo

Wako watakaosema nimetunga. Waseme. Niliyekishika kile kidole ni mimi, kwa mkono huu wa kulia, na ilikuwa saa sita mchana, si usiku wa kusema labda nilisinzia.

Ilikuwa miaka ya tisini, huko Kisauni. Misheni moja ilifungua kambi ya wiki moja kwa watoto wa vijijini waliokosa shule na hata chakula cha kushiba. Mimi nilitoka Mikindani kila asubuhi kwenda kujitolea, na kazi yangu ilikuwa langoni. Nilipewa lango kwa sababu namshuku kila mtu. Mke wa mchungaji alikuwa akinitania, "Wewe hata malaika ungemwuliza barua." Nami nikimjibu, kwani malaika hawatumwi?

Utaratibu wetu ulikuwa huu: anayemleta mtoto anaweka kidole daftarini, na anayekuja kumchukua anaweka chake kando ya jina lile lile. Wazazi wengi hawakujua kuandika na wino uliwatia haya, basi niliwashika kidole gumba mwenyewe, nakichovya, nakibingirisha kwenye karatasi. Wiki ile nilishika vidole vya nusu ya Kilifi.

Kadzo alikuwa na miaka sita hivi. Aliletwa na nyanyake, hawe wanavyosema Wagiriama, ajuza aliyeniambia maneno machache tu: "Sina mwingine ila huyu. Usimpe mtu." Nikamwapia.

Basi, siku moja kabla ya kufunga kambi, mvua imenyesha tangu alfajiri, uwanja mzima tope. Watoto wako ndani wanaimba, mimi nimejikunyata kibandani pangu langoni. Nikasikia hodi. Kuinua macho, mwanamke kijana, amejitanda leso mbili, sura ya kupendeza. Nikamkaribisha, hakuingia. Nikamsalimu, hakuitikia. Akasema tu, "Nimemfuata Kadzo. Mimi mamake. Nyanyake hajiwezi, kanituma."

Sikumwamini, nisikudanganye. Lakini Kadzo alikuwa ameshatoka mbio, anaita, "Mama! Mama!" Wewe ungefanyaje? Mtoto amemtambua mamake, wewe wa langoni nani? Nikafungua daftari, nikamshika kidole kama nilivyozoea.

Kilikuwa kikavu. Nikakichovya, nikakibingirisha. Niamini, karatasini palitoka doa la buluu tupu, hapana mstari hata mmoja, laini kama ganda la yai. Nikarudia. Doa. Ndipo nilipomtazama vizuri. Leso kavu, nywele kavu, miguu haina hata chembe ya tope, na mvua inamnyeshea pale pale aliposimama.

Nikamvuta Kadzo nyuma yangu. Ulimi wangu haujawahi kunitupa. "Hutoki na mtoto hapa," nikamwambia. "Kidole chako hakina alama. Mlete nyanyake."

Hakukasirika, na heri angekasirika. Alikitazama kidole chake, kisha akakitazama changu kilichopakaa wino wake. "Kumbe shida ni alama," akasema. "Haya, dada. Nitakuja nayo." Akageuka, akaenda zake upande wa Bombolulu.

Kesho yake hawe akaja kwa miguu yake, mzima kabisa. Nikamsimulia. Akakaa chini, pale pale kwenye tope. Mamake Kadzo, yule binti yake, walimzika mwaka uliopita. Nikamgeukia Kadzo kwa ukali, ukali wa woga tu: "Kwani wewe hukujua mamako alikufa?"

"Najua," akasema. "Lakini si alikuja?"

Hawe akaweka kidole chake, nami safari hii sikumshika. Akamfunga mtoto mgongoni kwa leso, mkubwa vile, wakaenda.

Mwezi uliofuata kitambulisho changu kikapotea, nikaenda kuomba kingine. Karani akanishika kidole gumba, akakibingirisha. Doa. Akakifuta, akarudia. Doa. "Mama, wafua nguo kwa asidi?" akaniuliza huku akicheka. Mimi machozi yalinitoka. Hadi leo nina vidole tisa vyenye mistari, na cha kumi ndicho hiki, njoo ukione.

Kadzo amekua, ameolewa, ana binti wa miaka sita. Kambi ikifunguliwa popote, naenda kukaa langoni hata kama sikuitwa. Vijana wa siku hizi wananiona kichaa, wao wanaamini kidole. Nami nawaambia, na wewe nakwambia: akija mama kumchukua mtoto, mtazame miguu. Muulize nyanya mtu yuko wapi. Mcheleweshe mpaka atokee anayemjua. Kidole usikitazame. Atakiweka bila kusita, na mistari itatoka safi kabisa. Ni yangu.