Mti Wenye Adabu

Kwa miaka ishirini na tisa Bi Fagio alifagia wodi za hospitali, na jina hilo lilimganda huko huko kazini mpaka wajukuu nao wakalichukua. Alipostaafu alidhani mgongo umepata nafuu. Kumbe ufagio ulimtangulia nyumbani.

Uani palikuwa na mzambarau. Mumewe, fundi redio, aliupanda mwaka waliohamia, kisha akaweka meza yake ya kazi kivulini. Mti ule ulijaa ukarimu usioombwa. Asubuhi majani, jioni majani, na msimu wa matunda zambarau zilipasuka chini, saruji ikageuka rangi ya wino. Nguo za kwenye kamba ziliingia madoa. Visigino vilibeba rangi mpaka kitandani. Bi Fagio alifagia mara tatu kwa siku, na kila akigeuka, ua ulikuwa kama haujaguswa.

"Baba watoto, mti huu utanizika."

"Majani si uchafu, mama watoto," fundi alijibu bila kuinua kichwa. "Ni mbolea."

Mbolea ya kitu gani, hakusema. Hawakuwa na hata tuta moja.

Asubuhi moja Bi Fagio alikanyaga zambarau mbivu, akateleza, akaangukia mkono wa kulia. Kifundo kilivunjika. Hospitali ile ile aliyoifagia ikamfunga plasta ya wiki sita, na daktari akamwonya asishike hata kijiko.

Basi zamu ikawa ya fundi. Siku ya kwanza alifagia akipiga mluzi. Siku ya tatu mluzi ulikatika. Wiki ya pili redio za watu zilikuwa zimerundikana mezani, naye kasimama mkono kiunoni, akiutazama mti kama mtu anayemtazama mgeni aliyesema anakuja siku mbili akamaliza mwaka. Bi Fagio, ameketi mlangoni, hakumcheka. Kucheka nako kunataka nguvu.

"Kesho twende kwa mama wa miche," fundi alisema jioni hiyo.

"Kufanya nini?"

"Kutafuta mti wenye adabu."

Mama wa miche alikuwa na safu za viriba vyeusi vya kuoteshea miche kando ya barabara. Fundi alimwambia anataka mti usiodondosha kitu.

"Mzee wangu, huo ni wa plastiki," alijibu. "Mti ulio hai lazima uvue nguo. Uliza unavua mara ngapi, na unaacha nini chini."

Akawaonyesha mkrismasi, maua yake mekundu kama moto. Fundi akaupenda. Bi Fagio akatikisa kichwa: maua yale yakilowa hushika saruji kama gundi. Mwarobaini je? Vijani vyake huingia kila ufa, ufagio hauvitoi. Alikuwa akiyakunja majani kwa mkono wa kushoto, moja moja, kama fundi cherehani anavyopima kitambaa. Mwisho akasimama kwenye mlimau. Jani nene, gumu, linaloanguka peke yake. Na tunda lake halipasuki likianguka.

"Mbona mfupi?" fundi aliuliza. "Na meza yangu?"

Bi Fagio alikuwa ameshakishika kiriba cha mlimau kwa mkono wa kushoto.

"Haya," fundi akasema. "Nitahamia barazani."

Mkata miti alifanya kazi siku mbili. Mzambarau ulipolala, mwanga uliingia uani kwa ukali, mpaka ukuta ukaonyesha nyufa zake zote. Bi Fagio alikuwa amengoja kufurahi. Hakufurahi. Alihisi uchovu tu, wa miaka yote kwa mpigo, kana kwamba ulikuwa umepanga foleni ukisubiri apate nafasi.

Plasta ilipotolewa, mkono ulikuwa mwembamba, haukuweza kukaza hata kifuniko cha chupa. Alfajiri iliyofuata aliamka kwa mazoea, akatoka. Mlimau, haujafika kiunoni, ulikuwa umeangusha majani mawili. Fundi alikuwa ameshainama kuyaokota.

"Rudi ulale," alimwambia.

Akarudi. Alilala mpaka jua likawa juu.